Niko darasa la 11 hapa Kentucky: nianzie wapi kutafuta ufadhili wa chuo?

Kifungua Mimba ameuliza:

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la 11 katika shule ya umma hapa Kentucky, na nikijaliwa nitahitimu mwaka 2027. Familia yetu iliingia Marekani kwa njia ya ukimbizi miaka sita iliyopita, na leo sote tuna ukaazi wa kudumu. Wastani wangu wa alama ni 3.6 kwa kipimo cha 4.0, na haujasogea sana tangu darasa la 9. Baba anafanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo, Mama husafisha ofisi nyakati za jioni, na mimi ndiye mkubwa kati ya watoto watano. Hakuna aliyenitangulia chuoni katika ukoo wetu ambaye ningeweza kumwuliza.

Kwa muda wa miezi miwili nimekuwa nikijisajili katika tovuti zinazoorodhesha ufadhili wa masomo. Nimejaza fomu zaidi ya thelathini, nyingi zikiwa za kubahatisha majina tu, na nilichovuna hadi sasa ni barua pepe za matangazo. Tovuti moja ilinitaka nilipe ada ya maombi ili nihakikishiwe nafasi. Sikulipa, lakini nilikaa siku mbili nikijiuliza kama nimeacha bahati yangu ipite.

Yako mambo mawili mengine yanayonisumbua. Mwalimu mmoja ameniambia niandike insha kuhusu maisha ya kambini, kwa sababu hadithi ya namna hiyo ndiyo inayowagusa watoa fedha. Niliandika ukurasa mzima, kisha nikaufuta. La pili ni kwamba kila fomu inauliza shughuli zangu nje ya masomo, nami nafasi hiyo naiacha wazi. Simo katika timu wala klabu yoyote, kwa kuwa saa tisa alasiri natakiwa niwe nimefika nyumbani kuwapokea wadogo zangu. Naomba mnieleze nianzie wapi, na nini niwe nimekimaliza kabla darasa la 12 halijaanza.

Dada Mshauri amejibu:

Marahaba, mdogo wangu. Nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa jamii yetu kujaza maombi ya vyuo kwa miaka kadhaa, na ninachokisoma kwako nimekiona kwa wengi: bidii ni kubwa, lakini imeanzia mwisho wa mstari. Tovuti za orodha ni mahali pa kwenda baada ya kumaliza kila kitu kingine. Sehemu kubwa ya fedha ambazo mwanafunzi wa hali yako anaweza kuzipata hutoka serikali ya shirikisho, serikali ya jimbo, na chuo chenyewe. Ufadhili wa mashirika ya nje huja kuziba pengo linalobaki.

Tuanze na fedha ambazo huenda tayari ni zako bila wewe kujua. Kentucky ina ufadhili unaoitwa KEES, unaogharimiwa na bahati nasibu ya jimbo, ambao mwanafunzi huuchuma mwaka kwa mwaka kuanzia darasa la 9. Wastani wa 2.5 katika mwaka mmoja wa sekondari hukupa dola 125 kwa kila mwaka utakaosoma chuo, na wastani wa 4.0 hukupa dola 500. Wastani wako wa 3.6 una thamani ya dola 400. Ukiudumisha kwa miaka yote minne ya sekondari, utakuwa umejiwekea dola 1,600 kwa kila mwaka wa chuo, yaani dola 6,400 kwa shahada ya miaka minne, na juu yake huongezwa kiasi kinachotegemea alama yako ya ACT, mtihani wa kuombea vyuo. Huandiki insha wala huombi barua ya mtu. Unachotakiwa kufanya ni kufungua akaunti kwa KHEAA, taasisi ya jimbo inayosimamia fedha hizo, na kuhakikisha kwamba jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na namba yako ya hifadhi ya jamii vimeandikwa sawasawa. Nalisisitiza hili kwa sababu majina yetu hupindishwa mara nyingi kwenye hati za uhamiaji, na jina lililoandikwa kwa namna mbili tofauti huweza kukuchelewesha wiki nyingi. Angalia pia kwamba KEES hutumika katika vyuo vinavyoshiriki mpango huo, ambavyo karibu vyote vimo ndani ya jimbo, na ukiwa chuoni utapaswa kudumisha wastani unaotakiwa ili usiipoteze.

Baada ya hapo kuna FAFSA, fomu ya bure ya kuombea msaada wa fedha za chuo kwa serikali ya shirikisho, ambayo kwa kawaida hufunguliwa Oktoba 1. Mkaazi wa kudumu anastahili kuijaza sawa na raia. Kutokana nayo hupatikana ruzuku ya Pell, ambayo hailipwi tena kama mkopo na ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–2026 kilikuwa dola 7,395. Fomu hiyo hiyo ndiyo mlango wa ruzuku ya jimbo iitwayo CAP, na hapa ndipo watu wengi huumia, kwa kuwa fedha za CAP hutolewa hadi zitakapokwisha. Mwanafunzi anayejaza mwezi Oktoba na mwenzake anayejaza mwezi Aprili huweza kuwa na kipato kilekile nyumbani, na bado mmoja akapata na mwingine akakosa.

Kisha viangalie vyuo vyenyewe. Usikiogope chuo kwa sababu ya bei iliyotangazwa. Kila chuo kinachopokea fedha za shirikisho kina kikokotoo katika tovuti yake kinachokadiria gharama halisi ya familia yako baada ya misaada. Keti na Baba, mkiwa na karatasi zake za kodi mkononi, mvipitishe vyuo sita au saba katika vikokotoo hivyo. Baadhi ya vyuo, hasa vya binafsi vyenye fedha nyingi, hudai fomu ya pili iitwayo CSS Profile. Hiyo ina ada, lakini familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka husamehewa. Zingatia vilevile kwamba vyuo vingi huweka siku ya mwisho ya kufikiriwa ufadhili mapema kuliko siku ya mwisho ya kuomba nafasi. Ukituma maombi Januari unaweza kupokelewa vizuri kabisa, huku fedha zikiwa zimegawiwa watu wa Novemba.

Kuhusu ile tovuti iliyotaka ada, ulifanya vyema kutolipa, na hukuacha bahati yoyote. Ufadhili wa kweli hauuzwi, na hakuna awezaye kukuhakikishia kwamba utaupata.

Mhitimu wa Berea amejibu:

Ndugu yangu, nataka nilizungumzie jambo la insha na lile la shughuli, kwa sababu nilipokuwa na umri wako nilikwama hapo hapo ulipokwama.

Kwanza neno moja kuhusu chuo nilichosoma, maana kiko katika jimbo lako. Berea College kilianzishwa mwaka 1855, na tangu mwaka 1892 hakijamtoza mwanafunzi ada ya masomo. Hupokea wanafunzi ambao familia zao zina uhitaji wa kifedha, na kila mmoja hufanya kazi chuoni kwa angalau saa kumi kwa wiki. Gharama za malazi na chakula zipo, lakini nazo hupunguzwa na ruzuku kulingana na hali ya familia. Sikuambii kwamba utapokelewa, kwa kuwa ushindani ni mkubwa. Nakuambia tu kwamba ungekuwa mdogo wangu wa damu nisingekuruhusu uhitimu sekondari bila kutuma maombi huko.

Sasa shughuli. Umeandika kwamba nafasi hiyo unaiacha wazi kwa sababu unawapokea wadogo zako wanne. Naomba uisome tena sentensi hiyo kama mtu asiyekufahamu. Fomu ya pamoja ya kuombea vyuo iitwayo Common App, inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, ina nafasi kumi za shughuli, na miongoni mwa aina za shughuli zilizoorodheshwa humo ni majukumu ya kifamilia. Hayakuwekwa humo kama huruma kwa asiye na kitu cha kuandika. Wanaosoma maombi wanahitaji kujua saa zako zinakwenda wapi, na kijana anayebeba nyumba kila alasiri huku akidumisha wastani wa 3.6 amewaeleza jambo ambalo uanachama wa klabu tatu usingeweza kulieleza. Je, huwa unawafasiria wazazi wako kliniki? Unawasomea barua za mwenye nyumba? Unakwenda shuleni kwa wadogo zako siku ya wazazi kwa sababu Mama yuko kazini? Hayo yote ni kazi, yana saa zake, na yanaandikwa. Chukua daftari leo, na kwa wiki mbili rekodi kila siku ulichofanya na muda uliotumia. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba nilikuwa nikifanya kazi ya saa ishirini kwa wiki ambayo sikuwahi kuipa jina.

Kuhusu insha, sikubaliani na mwalimu wako, ingawa naamini alikutakia mema. Kambi ni sehemu ya maisha yako, lakini hudaiwi na mtu yeyote kuifungua mbele ya kamati ili upate fedha za ada. Ukitaka kuiandika, iandike kwa sababu kuna jambo huwezi kulieleza bila hiyo. Kama uliufuta ule ukurasa kwa kuwa ulikuwa unauma, au kwa kuwa haukuwa wewe, basi mkono wako ulijua. Insha ya Common App ina ukomo wa maneno 650, na nafasi hiyo haitoshi kusimulia vita, safari, kambi, ndege na shule mpya. Wanaojaribu kuyabeba yote huishia kuandika historia ya eneo zima, na mwombaji mwenyewe haonekani. Chagua tukio moja dogo ulilolishuhudia kwa macho yako, hata kama ni alasiri moja tu jikoni, ulieleze kwa ukaribu, kisha useme lilibadilisha nini katika namna unavyofikiri au unavyotenda. Msomaji aondoke akiwa amemwona mtu.

Ukishapata insha moja ya namna hiyo utaweza kuipunguza na kuirekebisha kwa maombi mengine mengi. Lakini kila mara soma upya swali lililoulizwa. Insha nzuri inayojibu swali lisilokuwapo hutupwa sawa na mbaya.

Baba wa Watatu amejibu:

Mwanangu, marahaba. Wenzangu wamesema ya maana, nami naongeza la upande wa wazazi. Ikiwezekana, mwonyeshe Baba maneno haya.

Binti yangu mkubwa alipofika darasa la 12 nilikataa kuingiza taarifa zangu kwenye FAFSA. Nilitoka katika nchi ambayo mtu akikuuliza una kipato gani, kesho yake anakuja kukichukua. Sikumwambia binti yangu kwamba ninaogopa. Nilimwambia nina shughuli nyingi. Fomu yake ilibaki nusu hadi mwezi Machi, na fedha alizozikosa mwaka ule nazijua hesabu yake hadi leo. Siku hizi kila anayetakiwa kuingiza taarifa zake kwenye fomu, akiwamo mzazi, hufungua akaunti yake mwenyewe na kutoa idhini ya taarifa za kodi kuchukuliwa moja kwa moja kutoka mamlaka ya kodi, yaani IRS. Mzazi asipotoa idhini hiyo, mtoto hapati msaada wa shirikisho, hata kama mzazi hakuwa na kipato kabisa. Hata mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii anaweza kufungua akaunti. Kwa hiyo fungueni akaunti hizo mapema, mwezi Agosti au Septemba, wala msisubiri usiku wa kwanza wa Oktoba.

Jambo jingine ambalo sikulijua: fomu hutazama kodi ya miaka miwili nyuma. Wewe ukianza chuo mwaka 2027, itatazamwa kodi ya mwaka 2025. Iwapo katikati hapo Baba atapunguziwa saa za kazi au atapoteza kazi, fomu haitaona. Mnapaswa kuiandikia barua ofisi ya msaada wa fedha ya chuo, mkiambatisha ushahidi, na kuomba hali yenu ipitiwe upya. Sheria inawaruhusu kufanya hivyo. Tulipoandika barua ya namna hiyo kwa mtoto wa pili, kiasi alichopewa kiliongezwa.

Kifungua Mimba ameandika:

Nawashukuru nyote. Baba ameyasoma maneno haya mara mbili, na amesema tutafungua akaunti pamoja.

Nina swali moja. Nimesikia kwamba ukipata ufadhili wa nje, chuo hupunguza msaada wake kwa kiasi hicho hicho. Kama ni kweli, kuna faida gani ya kuandika insha ishirini? Tena, katika ufadhili wa nje, upi unamfaa mtu kama mimi?

Dada Mshauri amejibu:

Ulichosikia ni kweli kwa vyuo kadhaa, na ni jambo linaloniudhi kwa dhati, kwa sababu kijana hutoa jasho na nafuu ikaenda kwa chuo. Kanuni za shirikisho haziruhusu msaada wako uzidi gharama kamili ya kusoma, na vyuo vingine hupunguza ruzuku zao hata kabla ya kufika hapo. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kupitisha sheria ya kuvibana vyuo vyake vya umma katika jambo hili, mwaka 2017. Vyuo vingine lakini hupunguza kwanza mkopo na kazi ya chuoni, na ruzuku huiacha salama, na kwa vyuo hivyo kila dola utakayoipata nje ni nafuu yako. Hivyo kabla hujaamua chuo, iandikie ofisi ya msaada wa fedha swali hili kama lilivyo: "Nikileta ufadhili wa nje wa dola 2,000, ni sehemu gani ya msaada wangu itakayopunguzwa kwanza?" Omba jibu kwa maandishi.

Kuhusu ufadhili wa nje, anza na wa karibu: wakfu wa jamii wa kaunti yenu, mwajiri wa Baba, chama cha wafanyakazi kama kipo, makanisa na misikiti. Mshauri wa wanafunzi shuleni kwenu huwa na orodha ambayo haimo katika tovuti kubwa, na waombaji wake huweza kuwa kumi badala ya maelfu. Kwa ngazi ya taifa, chagua wachache wanaokufaa. Coca-Cola Scholars hutoa dola 20,000 kwa wanafunzi 150 kila mwaka, huwapokea wakaazi wa kudumu na hata wakimbizi, na hatua yake ya kwanza haina insha. Dirisha lake hufunguliwa Agosti na kufungwa mwisho wa Septemba mwanzoni mwa darasa la 12, na ndiyo maana wengi huukosa. QuestBridge nayo huunganisha wanafunzi wa familia zenye kipato cha chini na vyuo vinavyowalipia gharama zote za miaka minne, na maombi yake hufungwa Septemba pia. Insha ishirini huzihitaji. Sita zilizoandikwa kwa utulivu zinatosha.

Kabla ya likizo ya kiangazi, waombe walimu wawili barua za mapendekezo, waliokufundisha mwaka huu na wanaokufahamu. Wape ukurasa mmoja unaoeleza unachotaka kusoma na majukumu yako ya nyumbani, maana hawawezi kuandika wasichokijua.

Kifungua Mimba ameandika:

Nimeshaomba barua mbili, na walimu wote wawili wamekubali. Daftari nimelishika kwa siku tisa na jumla imefika saa 24. Nimejaribu kuandika shughuli ya kwanza kwa Kiswahili ili niielewe mwenyewe kabla ya kuihamishia kwenye Kiingereza. Naomba mnisahihishe:

"Mlezi na mkalimani wa familia. Kwa saa 18 kila wiki huwapokea wadogo wanne baada ya shule, hupika, husimamia kazi zao za nyumbani; huwafasiria wazazi kliniki, shuleni na katika ofisi za serikali."

Mhitimu wa Berea amejibu:

Ni nzuri, na ni ya kweli. Maelezo ya shughuli katika Common App hayapaswi kuzidi herufi 150, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa, kwa hiyo ondoa "Kwa saa 18 kila wiki", kwani saa na wiki zina visanduku vyake pembeni. "Mlezi na mkalimani wa familia" kiweke katika kisanduku cha cheo. Neno "hupika" libakize, ila useme unawapikia watu wangapi.